Mama Perpétue na Wimbo wa 217

Baada ya miaka kumi na tisa kwenye meza ileile, Mama Perpétue Nabintu, karani wa ofisi yetu ya ushauri hapa kambi ya wakimbizi ya Rubondo, anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Meza inabaki. Sisi wenzake hatujui tutabakije.

Alianza na daftari na sanduku la chuma, ufunguo wake ukining'inia shingoni mwake. Kompyuta ilipokuja, aliizunguka mbele na nyuma akitafuta tundu la ufunguo, asilione, akatutangazia kwamba tumeletewa sanduku lisilofungwa. Tulicheka sana. Kisha mwanamume mmoja kwenye foleni alichungulia skrini, akasoma mahali alipohamishiwa mke wake aliyekimbia kipigo. Mama Perpétue aliwahi kumhamisha tena kabla mume hajafika. Hakuna aliyecheka tena.

Wiki iliyofuata alikwenda mjini Mbarara, akasoma siku mbili, akarudi na ufundi: skrini ijifunge yenyewe baada ya dakika tano na idai neno la siri, na ukiinuka, bonyeza kitufe chenye dirisha pamoja na L. Yeye aliifunga hata akigeuka kuchukua kalamu.

Neno la siri hakuliandika popote. Tatizo ni kwamba aliliimba. Lilikuwa neno la kwanza la wimbo anaoupenda na namba yake kitabuni, na kila alipoliandika aliuimba puani. Nusu ya foleni yetu ni wanakwaya wa kanisa lake. Wengine walimwitikia kwa sauti ya pili.

Siku moja mwaka 2022, akitoka kupimwa macho hospitali ya Ruharo, alimkuta Mzee Térence, kiongozi wa kwaya, ameketi kitini pake akitafuta tarehe ya miadi yake. Wala hakuona haya. “Mama, siye bote tunaijua! Ni ule wimbo wa mia mbili kumi na saba. Unauimbaka kila asubui!”

Orodha ya wanawake waliokimbia vipigo, na mahali walipohamishiwa, ilikuwa humo humo. Bahati yetu, mzee alikuwa bado anapigana na mshale wa skrini, hajafungua chochote. Neno lilibadilishwa saa ileile, na tangu hapo Mama hakuimba tena ofisini hata pambio. Kwa mtu aliyekulia kwenye kwaya za Uvira, hiyo si adhabu ndogo.

Juzi alimkabidhi kiti Gisèle, anayemrithi. Tulidhani atamnong'oneza neno lake. Badala yake alifungua mahali pa kulibadilisha, akamwambia aandike lake mwenyewe, kisha akageukia ukuta, viganja machoni, akasubiri. Gisèle alipomaliza, Mama alijaribu lile la zamani. Kompyuta ikamkatalia.

“Sasa iko muzuri,” akasema, machozi yakimtoka. “Hata miye siingie.”

Ndipo akaimba wimbo wa 217, beti zote, kwa sauti yake yote, na foleni ikamwitikia.

Asante, Mama. Ulizitunza siri za watu; Mungu akutunze wewe. Tunakutakia mapumziko marefu na macho mazima. Na huko nyumbani, imba upendavyo.

Bienvenu, meza ya pili