Kumuaga Bi Ngoja Kwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi. Ndugu Mwenyekiti wa jukwaa letu la mtandaoni la haki za binadamu. Waheshimiwa mawakili, ambao nawataja mapema ili wasije wakanikata kauli baadaye. Ndugu wanajukwaa, ambao leo ndiyo kwanza tunaonana ana kwa ana, na nimegundua kwamba baadhi yenu nywele mlizo nazo kwenye picha za jukwaani mmeziacha huko huko. Mama yangu mzazi, uliyeketi safu ya mbele. Na wewe, Bi Ngoja Kwanza, uliyetukusanya hapa kwa kosa la kustaafu: hamjambo nyote?

Nimepewa heshima ya kumuaga msimamizi wetu kwa niaba ya wanachama wa kawaida. Mimi ni muuguzi. Nimezoea kuzungumza na watu waliolala, kwa hiyo atakayesinzia asione haya.

Wageni wetu huenda mnajiuliza: mama mzima, mwenye wajukuu, kwa nini aitwe Ngoja Kwanza? Jina hilo tulimpa sisi, na hatukumpa kwa mapenzi. Jukwaani petu kuna kanuni yake moja: picha ya mtu aliyepatwa na shida haibandikwi mpaka mwenyewe aulizwe. Nasi, kwa kuwa damu zetu zinachemka tukiona dhuluma, tulibandika kwanza na kuuliza hatukuuliza kabisa. Basi kila tulipobandika, tulikuta chini yake maneno yake mawili: "Ngoja kwanza." Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wangejua siku hizi watu wanatukanana kwa kidole, wangesemaje?

Mnaikumbuka picha ya yule mwanamke aliyetolewa vyombo nje na mwenye nyumba? Amekaa juu ya godoro lililokunjwa, kavaa gauni la kulalia na kandambili mguu mmoja, kakumbatia sufuria kama mtoto, analia mpaka kamasi zinamtoka. Mlimpenda sana. Mlimwita alama ya mapambano. Mwingine alimwandikia beti. Dada mmoja, ambaye leo sitamnyooshea kidole, aliuliza gauni lile linauzwa wapi. Kisha Bi Ngoja Kwanza akaifuta picha, na jukwaa likawaka moto.

Ndugu zangu, yule mwanamke ni mimi.

Wakili, funga mdomo, nzi wataingia.

Ndiyo, nilikuwa mwanachama mwenzenu tangu zamani, yule mwenye picha ya ua jekundu. Nilikuwa barazani kwa jirani, sufuria iko miguuni, simu iko mkononi, nasoma jinsi mnavyonitetea. Na kwa kweli mlinitetea! Lakini mama yangu alikuwa ametoka hospitali siku hizo, presha haijatulia, na mdogo wangu ana tabia ya kumsomea kila kinachopita simuni. Nilijua akiniona vile, tutamrudisha wodini, au mahali pabaya zaidi. Nikakusanya ujasiri, nikaandika kwa adabu zote: "Jamani, labda mwenyewe hapendi picha hii isambazwe."

Nilijibiwa na nani? Na Wakili wetu huyu, aliyekaa karibu na feni. Aliniandikia: "Wewe unajua nini kuhusu mateso ya yule dada?"

Kweli, ningejua wapi?

Ndipo nikamwandikia Bi Ngoja Kwanza pembeni: yule ni mimi, na mama yangu ni mgonjwa. Hakuniuliza ushahidi, hakuniuliza mume yuko wapi. Alijibu, "Pole, mwanangu. Inaondoka." Ikaondoka. Naye akaingia kikaangoni. Mlimwita kibaraka. Mlisema amenunuliwa na wenye nyumba. Watetezi wa haki ya kila mtu kusikilizwa mlimkatalia kusikilizwa, na Wakili akafunga mjadala kwa maneno ambayo yanastahili kuchongwa kwenye jiwe: "Utu wa binadamu haugusiki, mjinga wewe!"

Yeye alijibu mara moja tu: "Nimeifuta. Sababu ninayo, na si yangu kuitoa."

Fikirini hapo. Sentensi moja zaidi ingemwokoa. Angeandika tu kwamba mwenyewe ameomba, mngeanza kutafutana humo ndani ni nani, na mimi na ua langu jekundu tungepatikana kabla ya chai kupoa. Mkaitisha kura ya kumwondoa, na hata hapo hakusema. Nilimpigia simu nalia, nikamwambia, "Bibi, niache nijitokeze, wanakuonea." Akaniambia, "Siku ukitaka mwenyewe, utasema. Leo unataka kwa sababu unanihurumia mimi. Kamuuguze mama yako. Mimi nimelea wavulana watupu, matusi ya mtandaoni ni nyimbo za kubembelezea." Alinusurika kura ile kwa tundu la sindano, na sijawahi kumpenda mtu baki kama nilivyompenda siku ile.

Sasa msidhani nimekuja kumwaibisha mtu. Hotuba hii nilimpelekea Bi Ngoja Kwanza aisome, maana inamhusu. Ameirudisha akiwa amekata aya nzima ya sifa zake. Ndiyo maana ni fupi, lalamikeni kwake. Wakili naye nilimpigia kumuomba ruhusa ya kusoma maneno yake, bila kumwambia kwamba mwanamke wa pichani ni mimi. Alikubali bila kubisha, jambo ambalo mahakamani halijawahi kutokea. Kisha akasema, "Yasome yote, dada. Hata lile la mjinga usiliruke. Nilikuwa na haraka ya kuwa mtu mwema." Kaka yangu, nakushukuru. Nilicheka, kisha nikafuta machozi.

Na mama? Mama nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilipokwisha pata nyumba nyingine na yeye amekwisha pata nguvu, jikoni kwangu, tukimenya viazi. Alilia kidogo. Akauliza kama sufuria ilipona. Halafu akaweka kisu chini, akasema, "Na huyo mwanamke aliyetukanwa ili mimi nisife, yuko wapi?"

Bi Ngoja Kwanza, umenipa kitu ambacho hakuna aliyenitetea kwa herufi kubwa aliyenipa: umeniachia habari yangu niitoe mwenyewe, kwa siku niliyoichagua mimi. Nenda kapumzike. Wajukuu wakikusumbua, dawa yao unayo, maneno mawili tu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu wanajukwaa, nawashukuru kwa kunitegea masikio na kuvumilia ulimi wangu.

Mama, ni yule pale, aliyeinamisha kichwa akijifanya anatafuta kitu mkobani. Nyanyuka taratibu, nenda kamkumbatie.

Na nyinyi mnaoinua simu: ngojeni kwanza.