Jipiesi Inayogomba

Kwenye basi, mzee aliyeketi mbele yangu alimgeukia jirani yake, dada aliyevaa fulana ya duka la vifaa vya magari. "Mwanangu, nataka jipiesi ya kunionyesha njia kwenye gari. Nichukue ipi?" "Ile ndogo, baba. Inaongea Kiswahili, na haihitaji mtandao." "Nikikosea njia inagomba?" "Haigombi hata kidogo!" Mzee alinywea kama aliyeambiwa kifaa ni kibovu.

"Mama watoto, Mungu amrehemu, alikuwa anagomba mpaka getini. Barabara zenyewe nazijua, nimeendesha lori miaka thelathini." "Sasa jipiesi ya nini?" Mzee akauliza tena: "Nikifika nyumbani inasemaje?" "Inasema 'umefika', halafu inanyamaza."

Basi lilisimama. Mzee akainuka polepole. "Hamna inayouliza mbona nimechelewa?"