Ripoti Niliyoiandika Bila Kujaribu

Sogeeni wanangu, na wewe mkwe funga mlango, maana jirani yetu akisikia nakata roho atataka na sababu, na hiyo nataka muisikie ninyi kwanza. Nyumba mmeshaigawana kwa macho, nimewaona mkihesabu madirisha. Gawaneni kwa amani, cherehani ni ya binti yangu. Silo linaloninyima usingizi.

Mnaijua saraka yetu, ile orodha ya mtandaoni tunayoiendesha wenyewe, ambamo mtu huweka kipande cha programu alichokiandika ili wenzake wakichukue bure, lakini hakipewi alama ya kuaminika mpaka watu watatu wasiojuana wakijaribu, kila mmoja kwenye kompyuta yake, na kuandika walichokiona. Mimi niliyeishia darasa la saba walinipenda kwa kuwa hubonyeza pale ambapo msomi haoni sababu ya kubonyeza. Vibovu nikavikataa, wakaniita Mama Kataa, na kichwa kikanivimba.

Mwaka jana kikaja kipande cha kukadiria dozi ya dawa kwa umri wa mtoto. Wawili walikuwa wameshakipitisha, wakijaribu umri wa watoto wakubwa tu, nikabaki mimi. Ndipo shoga yangu akanipigia simu kunipa habari za mke wa fundi bomba, kwamba kamhama mumewe na vyombo vyote, hadi kitasa cha mlango kang'oa. Simu kama hiyo ningeikataje? Nikaandika, "Nimejaribu, kinafaa," huku nacheka, wala sikukifungua.

Juzi, kwa kukosa la kufanya hapa kitandani, nikakifungua. Nikaweka umri wa mtoto wa miezi minane, kikanipa dozi ya mtoto wa miaka minane. Nikarudia mara nne, jibu lile lile. Na zahanati zinakitumia, wanangu, kwa kuamini alama yangu. Tangu hapo nikisikia mtoto akilia huko nje napumua, na akinyamaza nashika shuka.

Wewe kifunguamimba wangu, jana uliniambia, "Mama, tutarekebisha kimyakimya, jina lako lisichafuke," nami, Mungu anisamehe, nikakubali, na siku nzima ikapita watu wakipima dawa. Najua unaogopa kwa ajili ya kazi uliyoipata kwa jina hilo. Mimi naogopa zaidi yako, mwanangu, kwa sababu ninakokwenda nitaulizwa. Jina nawaachia na doa lake.

Binti yangu, washa kompyuta. Neno la siri ni lile jina la utani nililomkataza baba yenu kunitajia mbele za watu, mtacheka baadaye. Andika hivi: Mimi Mama Kataa sikukijaribu, ondoeni alama, waambieni wote waache kukitumia leo hii. Usiandike kwamba nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa nasengenya. Ripoti ikishatumwa haifutiki, hata na aliyeiandika, kwa hiyo kaka yako asikushike mkono.

Kisha zipigieni zahanati, moja baada ya nyingine, msinizike kabla hamjamaliza. Mungu awashikamanishe, awape wajukuu... wajukuu wenye kelele.

Mto uacheni. Umetuma? Nasikia mlio... Kuna aliyejibu? Macho yangu hayasomi tena. Nisomee. Usimtazame kaka yako, binti yangu, tazama hapo... soma lote, usiruke neno.