Mama Mwongozo Alivyolivunja Jedwali Lake

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, anastaafu mwandishi wetu wa miongozo, ambaye ofisi nzima tunamwita Mama Mwongozo. Alipaswa kustaafu mwaka juzi, akaongezewa mkataba mara mbili. Tuliomchelewesha ni sisi, tena kwa ugomvi wa nyota na mabano.

Ngoja nieleze. Mwongozo wa programu yetu ya bohari aliuandika yeye peke yake, tangu enzi za kompyuta zenye kisogo. Ulikuwa faili moja nene, lililoitwa Mwongozo wa Mwisho Kabisa Mpya. Ukigusa picha ya ukurasa wa tatu, majedwali ya ukurasa wa arobaini yanahama. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuligusa ila mwenyewe. Akienda likizo, tulimpigia simu. Asipokuwepo karibu alipokea mumewe, fundi seremala, ambaye kwa kusikia majibu miaka yote hiyo aliweza kumwelekeza mtunza bohari namna ya kufuta ankara huku randa iko mkononi.

Mkurugenzi akaona hatari. Akasema Mama hatoki mpaka mwongozo uwekwe katika muundo ambao mtu mwingine anaweza kuurekebisha. Weee, hapo ndipo vita ilipoanza! Kambi moja ya watengenezaji programu, nami nikiwemo, ilitaka mabano: kila kipande cha maandishi kifunguliwe na kufungwa kwa mabano yake, yanayoiambia kompyuta kipande hicho kionekaneje. Kambi ya pili ilitaka alama nyepesi: alama ya reli (#) mbele ya kichwa cha habari, nyota kandokando ya neno la kukolezwa, basi. Tulikaa vikao mpaka sukari ikaisha ofisini. Watu wazima walinuniana kwenye ngazi. Mama, ambaye moyo wake ulishafika nyumbani zamani, alikaa pembeni akifuma sweta la mjukuu. Mjukuu akakua, sweta likambana, bibi bado yuko kikaoni.

Siku moja uvumilivu ukamwishia. Akaamuru kila kambi iandike ukurasa mmoja, kisha tubadilishane, kila upande urekebishe mstari mmoja wa wenzake. Kiongozi wa kambi ya nyota alisahau kufunga bano moja tu kwenye ukurasa wetu, na herufi zote zikanenepa kuanzia hapo hadi mwisho. Mimi wa kwao niliumaliza kabla kiti hakijapata joto, na nilikasirika kweli kweli jinsi ulivyokuwa rahisi. Nyota zikashinda.

Lakini aliyeumia zaidi ni yeye. Alama zile nyepesi haziwezi majedwali makubwa, na fahari ya Mama ilikuwa Jedwali la Makosa: rangi nne, visanduku vimeunganishwa huku na huku, kazi ya miaka. Alilivunja kwa mikono yake mchana mmoja, likawa orodha ya kawaida ambayo yeyote anaweza kuiongezea mstari. Kisha akajipangusa macho kwa lile sweta. Tulihuzunika, na hakuna aliyetania siku hiyo.

Mwezi uliopita alikwenda likizo yake ya mwisho, na hatukumpigia hata mara moja. Siku ya tatu akapiga yeye, kuuliza kama ofisi imeungua. Tukamweleza kwamba kulikuwa na kosa katika maelezo ya kupokea mzigo, na dada wa mapokezi ameshalirekebisha. Akauliza kama kuna kitu kimehama. Tukamwambia hakuna. Akacheka mpaka tukamsikia mumewe akiuliza kulikoni, halafu akasema haya basi, sasa amestaafu kweli.

Mama yetu, asante kwa kila ukurasa, na pole kwa vikao. Kaa raha mustarehe na wajukuu, na safari hii sweta lifumwe kubwa kidogo. Simu tutaendelea kupiga, ila kuanzia sasa tutauliza hali yako tu.