Hati ya Kiwanja cha Kanisa

Vuteni viti vyenu, wanangu, mkae upande huu wa jicho langu zima, na wewe mwanangu mkubwa uache kuangalia saa, maana pumzi yenyewe naipata kwa kuiomba na habari hii sitairudia. Naona mmeacha nafasi ya mtu wa tatu katikati yenu. Sogeeni. Bado. Haya, inatosha.

Ninajua mnachokitaka. Hati ya kiwanja cha kanisa ina majina mawili, langu na la Mwashi, kwa sababu siku tulipokinunua kanisa letu lilikuwa halijaandikishwa. Mwashi ameshakufa, nimebaki mimi. Wewe uliyetoka kanisani pamoja nami unataka hati ibaki kwetu tuliotoka, ili wale waliobaki wafukuzwe. Na wewe binti yangu, karani wao, umeniletea uji siku tisa mfululizo bila kuitaja hata mara moja, lakini macho yako yameitaja kila kijiko.

Sikilizeni basi. Kuta za kanisa lile alizijenga Mwashi. Paa, milango na mabenchi ni kazi ya mikono yangu. Tulikuwa tukigombana juu ya vipimo kuanzia asubuhi mpaka jioni, halafu tunakula sahani moja. Kisha akaja mchungaji huyu msomi. Alianza kidogo kidogo: kanuni ya imani ikaondolewa kwenye ibada, eti inawachosha vijana, halafu ukaja waraka wa sinodi wenye utaratibu mpya wa kila kitu, na kila tulipouliza tukaambiwa wakati umebadilika, kana kwamba Mungu naye anangoja saa imwambie la kufanya. Nilinung'unika, nikameza, nikanung'unika tena.

Mpaka siku ya kumzika mama yenu. Mlikuwepo. Mchungaji alisimama kando ya kaburi akasoma kwenye karatasi yake mpya kwamba mama yenu ataendelea kuishi katika kumbukumbu zetu, akafunga karatasi. Nikamuuliza mbele ya watu, "Na ufufuo, mchungaji?" Akanishika bega kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi zaidi, akasema, "Mzee, hayo siku hizi tunayaelewa kama picha." Nikamwambia, "Mimi sijazika picha hapa. Nimezika mke wangu, na nataka kumwona tena akiwa na mikono yake." Jumapili iliyofuata nikatoka, na watu mia na zaidi wakanifuata mpaka ule ukumbi wa shule.

Mwashi hakutoka. Nilimkuta mlangoni nikamwita msaliti, watu wote wakisikia. Akaniambia, "Ndugu yangu, ninaamini kama unavyoamini. Lakini tukitoka wote, nani atabaki kumbishia?" Nikamgeuzia mgongo. Miaka minne nilipishana naye njiani kama napishana na nguzo. Alipougua alituma mtu aniite. Nikajibu kwamba atoke kwanza kanisani mle, ndipo nitakwenda. Akafa. Na mazishini sikwenda.

Sisi je, tuliotoka kwa ajili ya kweli? Mwanangu, usiiname, wewe ndiye uliyekuwa ukisoma kumbukumbu za mikutano. Mwaka wa kwanza tuligombania kikombe cha meza ya Bwana, kiwe kimoja au vidogo vidogo, na wa vidogo wakaondoka na viti vyao. Mwaka wa pili tukagombania ubatizo, na mjukuu wangu mwenyewe akatumbukizwa majini upya kana kwamba mara ya kwanza alinawishwa uso tu. Sasa tumebaki watu wasiojaza nusu ya ukumbi, na kila mmoja anamchungulia jirani yake kuona kama bado ni mwamini. Nimechoka, wanangu. Nimechoka na wale wanaopunguza imani, na nimechoka na sisi tunaoilinda kwa kutafunana.

Mwezi uliopita mjane wa Mwashi alikuja kunijulia hali. Akanieleza kwamba mumewe alisimama katika kila kikao cha wazee, peke yake, wakimcheka, mpaka kanuni ya imani ikarudishwa kusomwa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Peke yake! Na sisi mia tulikuwa wapi? Tulikuwa tukihesabu vikombe.

Kwa hiyo jana nimemwita wakili nikatia sahihi. Kiwanja ni cha wale waliobaki. Nyamaza, mwanangu, sijamaliza. Waliobeba matofali yale hawakumpa baba yako. Waliyatoa kwa kanisa, na mimi sina ruhusa ya kuwanyang'anya marehemu zawadi yao ili nishinde ugomvi. Bahasha iko chini ya mto. Utaipeleka wewe, kwa mikono yako, wala usimwekee mchungaji sharti lolote.

Na wewe binti yangu usichekelee. Ninakufa nikiamini kwamba waraka ule ni upotovu. Mtanizika na watu wa ukumbini, sijarudi. Lakini kile kiti cha Mwashi kwenye kikao kiko wazi, na wewe umekaa pembeni miaka yote ukiandika maneno ya wengine. Acha kalamu chini, useme.

Nipe maji... Asante.

Vifaa vyangu vya useremala ni vyako, mwanangu. Nyumba ni yenu wote wawili, na asiwepo wa kumfungia mwenzake mlango. Mwende pamoja kwa mjane wa Mwashi, mkamwambie kwamba nilimkosea mumewe, na kwamba nimelisema hili nikiwa na akili zangu timamu. Ningekwenda mwenyewe. Miguu imekataa.

Mungu awalinde... awape watoto wenu shingo laini kuliko yangu. Awape... ngojeni kidogo.

Leteni mikono. Hapana, si kwangu. Shikaneni ninyi. Hamjaomba pamoja tangu tulipotoka, na mimi ndiye niliyewatenganisha. Ile sala mama yenu aliyowafundisha kabla hamjaota meno ya pili... nataka kuisikia kwa sauti mbili. Mmoja asimtangulie mwenzake.

Anzeni. Nasikia bado.