Mzee Kahindi Thoya, Sonara Aliyeita Kabla ya Kuyeyusha

Mjomba wetu, Mzee Kahindi Thoya, alizaliwa Ribe tarehe 14 Machi 1936, mtoto wa pili wa marehemu Thoya Mung'aro na marehemu Mama Sidi. Alisoma shule ya misheni huko huko Ribe hadi darasa la nne. Mwalimu alimsifu kwa hati nzuri, akamchapa kwa kuchora pete pembezoni mwa kila ukurasa.

Mwaka 1953 aliteremka Mombasa, akapata kazi kwa sonara Badawi, Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu. Alianza kwa kuvuta mvukuto na kufagia vumbi la fedha. Baadaye maharusi wa Bondeni hawakutaka fundi mwingine ila yeye. Kwa Badawi alifunzwa jambo ambalo hakuliacha kamwe: pambo la marehemu likiletwa kuyeyushwa, alimwita kwanza mwenyewe kwa jina, akanyamaza kidogo, ndipo akalitia motoni. Sisi wapwa tulimcheka.

"Mjomba, na akiitika je?"

"Akiitika, nalirudisha."

Hatukuwahi kusikia kitu ila makaa yakialika.

Alimwoa Bi Mbeyu Kiti mwaka 1962, na bangili ya fedha aliyomvisha aliifua mwenyewe. Bi Mbeyu alituacha Juni 1991. Mjomba akaiweka bangili kabatini.

Agosti 1995 binti yao Joy alikuwa anaolewa. Alitaka kitu kimoja tu: bangili ya mama iyeyushwe, ifuliwe upya kwa kipimo chake, aolewe akiwa na mama mkononi. Tulikuwa watatu karakanani, mchana kweupe. Mjomba alishika koleo, akaita, "Mbeyu!"

Pembeni, pasipokuwa na mtu, tukasikia, "Abee."

Ilikuwa sauti yake, na ule uvivu wake wa kuitika. Nilitoka mbio bila viatu, wala sioni haya kusema.

"Mwenyewe ameitika," mjomba alimwambia Joy. "Simtii mamako motoni."

Joy alilia, akaolewa bila bangili. Tangu siku hiyo alimwamkia babake kwa adabu, basi. Hilo lilimuumiza mzee kuliko maradhi.

Ugonjwa wa mapafu ulimshika Januari mwaka huu, 1997. Alasiri ya Jumanne, tarehe 9 Septemba, nyumbani Bondeni, alimwomba Joy amletee bangili. Aliishika, akaita jina la mkewe. Kimya. Akaita tena. Kimya. Nywele zilinisimama kuliko siku ile.

"Hayumo tena," alisema, akimshika Joy mkono. "Yuwaja kunichukua. Kaiyeyushe, mwanangu."

Alikata roho kabla ya magharibi.

Mwana wa Badawi aliifua bangili juzi, na Joy ameivaa hapa mbele yenu.

Marehemu ameacha watoto watatu, Thoya, Sidi na Joy, dada yake, Mama Kadzo, wajukuu, na sisi wapwa.

Mjomba, pumzika kwa amani pamoja na mkeo. Nasi tukikuita kwa mazoea, twakuomba, usiitike.