Alama Sifuri za Fundi Bomba

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Fundi Bomba. Mama huyu alitengeneza mabomba ya maji ya mji wetu kwa miaka thelathini na mmoja. Thelathini na mmoja, viatu vya mpira mguuni, spana mkononi. Na aliwahi kutaka urais. Anayecheka acheke, ila asizime redio.

Mwaka wa kipindupindu, waziri wa maji alikaa studio hii akasema hali ni shwari. Mimi ndiye niliyemkaribisha, nikimwita mheshimiwa kila nikifungua mdomo. Najuta. Wakati huohuo Fundi Bomba alikuwa mtaroni, maji machafu kiunoni, akitafuta bomba lililopasuka. Alilipata siku ya tatu. Akarudi nyumbani, akasema wanaotawala maji hawajui hata bomba linapita wapi, basi atagombea.

"Nilimwambia, mke wangu, kaoge kwanza," anakumbuka mumewe. "Akaoga. Akaenda kuchukua fomu."

Sasa sikilizeni uhuni huu. Chama kilichuja wagombea kwa alama za vyeo. Uwaziri, alama kumi. Ubunge, sita. Udiwani, mbili. Hakuna aliyeuliza cheo hicho ulikifanyia nini. Waziri wa maji akajizolea kumi na nane. Fundi Bomba, sifuri. Jina lake halikufika hata kwenye kura.

Binti yake alikuwepo kwenye mchujo huo. "Mama aliwauliza, na kipindupindu mnakipa alama ngapi? Mmoja wao akamshauri aanzie udiwani."

Alikuwa na miaka hamsini na nane. Waziri akawa rais. Fundi Bomba akarudi mtaroni.

Sisemi uzoefu si kitu. Nauliza, uzoefu wa nini? Wa kukalia kiti? Inaniuma, jamani, siwezi kuwaficha.

Wiki iliyopita tulimzika. Chama kikaleta shada, utepe umeandikwa "Mheshimiwa". Akiwa hai walimpa sifuri. Binti akaufungua utepe ule taratibu, akamrudishia aliyeuleta.

"Mama yangu alikuwa fundi," akasema. "Huu mpelekeeni mwenye alama zenu."

Kwa mumewe, binti yake na mafundi wenzake, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nawe msikilizaji, ukiletewa mgombea mwenye vyeo vingi, muulize kimoja kimoja alikifanyia nini. Kisha nenda jikoni kwako, ufungue bomba. Yakitoka maji safi, ujue kuna mwenye sifuri aliyeingia mtaroni kwa ajili yako.